Mpishi wa Mdudu na Mkebe wa Wambui

Nyinyi vijana wa maabara, mnaotoka chuoni na koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, hebu wekeni simu chini. Binti ya dada yangu anaenda Jeddah mwezi ujao kuanza kazi niliyoiacha mimi, naye kaniomba nimwandikie "ushauri kidogo". Kidogo! Nimenusa mikojo ya watu Riyadh na Jeddah mpaka pua ikastaafu kabla yangu, halafu naombwa ushauri kidogo. Haya, ndio huu. Na wenzake nao wasome, maana nyote mmetoka kiwanda kimoja.

Jina langu ni Zuhura, mtoto wa Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kuotesha bakteria kwenye sahani, kuwawekea viduara vya karatasi vilivyolowekwa dawa, na kesho yake kutazama ni dawa ipi imewaua na ipi wameicheka. Siku hizi mashine inafanya hayo yote. Inameza sampuli, inalia tii, inatoa herufi: S, dawa inafaa, R, mdudu amekataa. Nanyi mnaipokea ile R kama wahyi. Hakuna anayeuliza mdudu kakataaje, wala kama kweli amekataa. "Mashine imesema, Anti." Hata jiko langu la umeme linajua kulia tii, na wali linauunguza vilevile.

Sasa sikilizeni habari ya mpishi, kwa sababu kila nitakalosema linamhusu yeye. Sisi binadamu vitamini ya foliki tunaila: tunaipata kwenye mchicha, maharagwe, maini, na kwenye vile vidonge wanavyopewa waja wazito kliniki. Bakteria wengi hujipikia wenyewe mle mle ndani mwao. Wana kimeng'enya kinachoshika malighafi mbili na kuziunganisha, na muungano huo usipofanyika, foliki haipatikani. Jina lake la kitaalamu ni dihaidropteroeti sinthesi, na ukiweza kulitamka huku una chapati mdomoni, cheti nakupa mimi. Mzee aliyenifundisha kazi, Ustaz Bakri, Msudani wa Omdurman, alikiita tabbakh, yaani mpishi, yakaisha. Nasi tutakiita hivyo.

Dawa ya salfa ni tapeli. Imefanana na mojawapo ya zile malighafi, basi mpishi anaikamata akidhani ni unga, anahangaika nayo, chungu hakiivi, vitamini hakuna, na bakteria wanashindwa kuzaana. Sisi haitupigi kwa njia hiyo kwa sababu mpishi huyo kwetu hayupo kabisa. Ndani ya tembe ya siku hizi salfa ana mwenzake, anayeziba hatua nyingine ya mapishi hayo hayo, lakini leo namsema huyu mmoja, nisije nikawachosha mkarudi kwenye simu.

Nilianzia Riyadh, mtaa wa Al-Murabba, maabara iliyokuwa juu ya duka la mazulia, lifti ikifanya kazi siku ikipenda. Wiki yangu ya kwanza nikaona sahani ambayo kiduara cha salfa kimezungukwa na duara, lakini duara lenyewe lina ukungu mwembamba, halikutakata. Mimi na kimbelembele changu nikaandika: amekataa. Ustaz Bakri akaja, akaitazama sahani, akanitazama na mimi. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa plasta ya hospitali, na akikutazama kwa juu yake ujue umekwisha.

"Ya Zuhura," akasema, "jiko lenu likifungwa leo, unakufa leo?"

"Hapana, Ustaz. Kuna kiporo cha jana."

"Basi na huyu naye ana kiporo cha jana."

Akanieleza. Bakteria anapokutana na salfa anakuwa tayari ana akiba ya foliki aliyoipika zamani. Ataitumia, atazaa vizazi vichache vya mwisho, kisha njaa imshike. Ule ukungu ni watoto wa kiporo. Usiuhesabu. Tafuta mahali ambapo uoto unakatika waziwazi na upime hapo. Mwezi mzima kila aliyepita kwenye korido aliambiwa, "Muulizeni Zuhura habari ya kiporo," hata fundi rangi wa Kipakistani akaja kuniuliza.

Halafu ikaja ile wiki ya meneja mpya. Huyu bwana suti yake ilikuwa inang'aa kuliko darubini zetu. Alipata muuzaji wa bei rahisi wa ageri, ule uji mgumu tunaooteshea bakteria, akaubadilisha wote bila kumuuliza mtu. Basi kufumba na kufumbua Riyadh nzima ikawa inakataa salfa. Mtoto, bibi kizee, dereva, bwana harusi, kila mkojo ni R. Sote tukashtuka, na Ustaz mwenyewe akakuna kichwa. Meneja hakushtuka. Yeye alianza kuandaa hotuba ya mkutano kuhusu mdudu mpya wa jangwani, na nasikia jina la mdudu alishalichagua, lilianza na la kwake.

Ustaz Bakri akakumbuka kitu. Tulikuwa na bakteria wetu wa kupimia, yule anayekaa kwenye friji ya maabara miaka nenda miaka rudi, hajawahi kukutana na mgonjwa, na salfa inamuua kila mara. Tukamwotesha kwenye ageri mpya. Naye akakataa! Mdudu ambaye hajatoka nje ya friji, kajifunzia wapi ukaidi?

"Halas, yamekwisha," akasema Ustaz. "Si mdudu. Ni mezani."

Kazi ya foliki ndani ya bakteria ni kumsaidia kutengeneza vitu vingine anavyohitaji ili azaane. Sasa ile ageri ya rahisi ilikuwa imejaa vitu hivyo hivyo vikiwa tayari. Ukimpakulia mdudu chakula kilichokwisha kuiva, mpishi wa nini tena? Salfa inamfunga mpishi kamba, na mwenye nyumba anaendelea kula. Wazee wetu walikuwa wakimwaga damu ya farasi iliyopasuliwa chembe kwenye ageri ya namna hiyo, nayo inakivuruga kile chakula cha bure, salfa ikaonekana tena. Sisi tulirudisha ageri ya zamani na Riyadh ikapona siku moja. Meneja akasema alikuwa ameshuku tangu mwanzo. Hotuba sikuisikia tena.

Nimewasimulia hayo si kwa sababu napenda kusimulia, ingawa napenda. Nimewasimulia kwa sababu ya Skola.

Tawi la Jeddah lilipofunguliwa, nilihamishiwa huko. Ijumaa nilikuwa nashuka Karantina, kusini kule wanakoishi watu wetu wa mishahara midogo, kwenda kunywa chai kwa Wambui. Wambui alikuwa mama wa Nyeri, kifua mbele, sauti ya mnada, anafanya usafi wa kutwa majumbani. Chumba chake kilikuwa baraza la wasichana wa Kenya wanaofanya kazi za ndani, wale waliobahatika kuruhusiwa kutoka Ijumaa. Palikuwa na chapati, chai ya maziwa, na kuwasengenya mamadam mpaka mbavu ziume. Mimi waliniita Mama Lab. Kwao lab ilikuwa mahali pa siri ambapo wazee hupima mikojo ya watu kwa raha zao.

Kwenye kabati la Wambui kulikuwa na mkebe wa biskuti, na ndani yake hakuna biskuti. Kulikuwa na tembe za salfa. Kila aliyetoka likizo nyumbani alileta, akaziweka mkebeni. Msichana akipata maumivu ya mkojo, na walikuwa wakiyapata sana, Wambui anamhesabia chache. Na hapa ndipo palipo na kanuni yao, sikilizeni vizuri. Maumivu yakiisha, unarudisha zilizobaki. Kurudisha ni heshima. Anayemeza zote mpaka mwisho na huku ameshapata nafuu, huyo ni mlafi, amekula za wenzake. Jina hilo likikushika Karantina halikuachi. Palikuwa na msichana wa Kisii, mwaka wa tatu wanamwita Mlafi, na kosa lake ni kumaliza dozi.

Niliwahubiria, jamani. Niliwaambia mdudu akipigwa nusu anainuka na hasira. Wambui akanimiminia chai.

"Mama Lab, hapa hatubagui. Sasa mwenye hana, ameze nini? Cheti chako?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, chapati zake zilikuwa nzuri mno kukasirikia.

Skola ndiye aliyekuwa akituchekesha zaidi. Scholastica, kwao Bungoma, kazi yake Al-Safa, kwenye nyumba ya marumaru mpaka getini. Alikuwa anaweza kumwigiza madam wake akimwita kutoka ghorofani, akashuka naye ngazi zote kwa sauti tu. Nyumba ile ilikuwa na vyoo vingi kuliko watu, na Skola aliruhusiwa kimoja, kile cha nje, ng'ambo ya ua, karibu na chumba cha dereva. Kukifikia lazima aombe ruhusa, na kuomba ruhusa lazima kwanza amalize anachofanya. Basi akawa hanywi maji asije akabanwa, na akibanwa anajikaza. Mnaona maradhi ya mkojo yanavyotengenezwa? Hapo hapahitaji darubini.

Ijumaa moja akaja, akakaa ukutani, akajifunika blanketi. Jeddah, joto la kuchemsha yai, na mtoto anatetemeka. Hakumwigiza mtu.

"Nini, mwanangu?"

"Mgongo, Mama. Hapa kwa mbavu. Na naskia baridi."

Wambui alikuwa ameshaufungua mkebe. Nikamuuliza ni mara ya ngapi, akajibu ya tatu, na akaongeza kwa fahari kwamba Skola hurudisha vizuri sana kila mara.

"Weka mkebe chini," nikamwambia. Sauti iliyonitoka haikuwa ya mgeni wa chai.

Wenzangu wanatembea na manukato kwenye mkoba, mimi natembea na vikombe vya sampuli. Nikachukua mkojo wake, nikauwahisha maabara, walikoturuhusu kupima watu wetu wa karibu, nikamwandika kuwa ni binti yangu. Nilipoitoa sahani yake kutoka kwenye kioteshea, bakteria walikuwa wamemea mpaka wamekilalia kiduara cha salfa. Hakukuwa na ukungu wa kiporo pale, lilikuwa zulia.

Nikafanya nini? Nyinyi mngeandika R mkaenda kula. Mimi nilisikia Ustaz Bakri akiniuliza: mdudu au mezani? Nikamtoa mdudu wa friji, nikamwotesha kwenye ageri ile ile, kwa kiduara kutoka kichupa kile kile. Salfa ikamfagia, duara likatakata kama sahani iliyooshwa. Hapo nikaogopa kwelikweli, kwa sababu chakula hakikuwa na kosa. Mdudu wa Skola alikuwa amepata mpishi mwingine.

Ndiyo, wanapata. Mpishi mpya anaziunganisha malighafi kama kawaida, ila mikono yake imeumbwa tofauti kidogo na salfa haikai. Na maelekezo ya kumtengeneza mpishi huyo bakteria wanapeana wao kwa wao, huyu anamgawia jirani yake bila kudai kitu. Nao wana mkebe wao, mnaona? Kila mara Skola alipomeza tembe chache, waliokuwa na mpishi wa zamani walikufa, na mwenye mpishi mpya akaachiwa uwanja. Kisha Skola akarudisha zilizobaki kwa adabu, na mdudu naye akaendelea kuzaa kwa nafasi.

Sahani ilionyesha ipo dawa ya sindano inayomuua, na nyingine ya kumeza ya kumalizia. Ila maumivu yakifika mbavuni na homa ya kutetemesha, maana yake figo zimeshashikwa, na hapo ni hospitali, dripu mkononi. Nikampigia simu Skola. Alinong'ona.

"Mama, tafadhali usiambie madam. Atanirudisha ofisi." Ofisi ni wakala aliyemleta, na kurudishwa huko mgonjwa ni kupandishwa ndege kurudi nyumbani mikono mitupu.

"Kadi ya hospitali anayo nani?"

"Madam. Na ikama iko na baba." Ikama ni kibali cha kuishi kule, na baba ni mume wa madam.

"Skola, nisikilize. Figo hazina wakala. Zikiondoka, hakuna ofisi ya kukuletea nyingine."

Akalia. Nami nililia, kwa nini nifiche, nililia kule kwenye chumba cha kuoshea vyombo, halafu nikanawa uso nikaenda Al-Safa na koti langu la kazi mwilini. Koti jeupe kule linafungua milango. Mlinzi hakuniuliza kitu, na madam akaniita doktora. Nikamwacha aamini.

Madam hakuwa jini. Nataka mjue hilo, maana mnapenda hadithi zenye jini. Alikuwa mama wa watu, mwenye wageni jioni ile. Akanikaribisha kahawa na tende, akasikiliza maelezo yangu ya figo kwa adabu zote, kisha akasema, "Mafi mushkila, hakuna shida, doktora. Anajidekeza tu. Nimempa dawa ya kichwa. Halas." Nikaeleza tena. Akaangalia saa. Nikamwambia msichana anaweza kufa. Akasema inshallah hatakufa, na akaniongezea kahawa.

Nikaomba kumwona. Nikampata jikoni, ameegemea sinki, uso umekuwa wa majivu, anakatakata kotimiri.

"Madam," nikasema, "hii saladi ni ya nani?"

"Ya dada zangu. Wanakuja leo."

"Mashallah." Nikalainisha sauti, kama mtu anayetafuta maneno ya upole. "Basi ngoja nikueleze kuhusu mdudu huyu. Makazi yake ni tumboni. Husafiri kwa mikono, mikono isipopata nafasi ya kunawa vizuri. Choo cha Skola kiko wapi?"

Akaonyesha dirishani, ng'ambo ya ua.

"Sabuni ipo?"

Hakujua. Hilo ndilo jibu lililokuwa na uzito kuliko yote aliyonipa.

"Na dawa ya kawaida haimwezi tena," nikaendelea. "Amejifunza kujipikia vitamini hata ukimziba."

Madam akaitazama kotimiri. Akanitazama mimi. "Doktora, mdudu huyu anaweza kuhamia kwa mtu mwingine?"

"Madam, huyu hana kafili wa kumzuia kwa mwajiri mmoja. Anahama anavyotaka."

Wallahi sikudanganya, ila sikufanya haraka ya kumtuliza pia. Mnaujua upepo wa kule unapoinuka ghafla? Madam aliinuka hivyo. Yalla dereva, yalla kadi, yalla ikama, saladi ndani ya mfuko, mfuko nje ya geti. Skola akapakiwa kiti cha nyuma cha gari la baba, madirisha yote wazi. Kufa kwa Skola kuliwekwa kwa Mungu, lakini saladi ya dada zake, hiyo madam hakuthubutu kumwachia Mungu.

Hospitalini daktari alisoma karatasi yangu, akauliza swali moja la maana, akaandika dawa inayofaa. Kwa mara moja katika maisha yangu sina cha kumcheka daktari. Skola akalala na dripu mpaka homa ikaisha, akaruhusiwa na tembe mpya za kumalizia. Nami nikamwambia, nimemshika mashavu kama mtoto: "Zote. Hata ukijisikia unaweza kubeba jokofu, zote." Akasema, "Sawa Mama."

Aliporudi Al-Safa akakuta mambo. Madam amempa choo cha ndani, kile cha karibu na jikoni, chenye sabuni ya maji na kitasa kinachofunga kwa ndani. Mkataba wake haukumpa choo, balozi hakumpa, machozi hayakumpa. Alipewa na bakteria.

Ijumaa iliyofuata nikashuka Karantina na keki, nina furaha ya kipumbavu. Skola alikuwepo, amenenepa uso, anamwigiza madam akinusa kotimiri. Wambui akanikumbatia.

"Mama Lab! Skola ametuletea dawa mpya. Ya hospitali! Kali!"

Nikaona mkebe uko wazi mezani. Tembe za Skola, zaidi ya nusu yake, zimeshagawiwa. Mmoja wa jino amepewa zake, mwingine wa kikohozi amefungiwa za kusafiri nazo. Na Wambui akaniwekea mkononi kitambaa cha karatasi kilichokunjwa vizuri, kina tembe mbili.

"Hizi ni zako. Vile umetuhangaikia."

Sijui kama mnaelewa. Hawakuwa na kitu kingine cha thamani chumbani mle, na wamenipa. Nami nikapandwa na mori. Nilipiga kelele mpaka jirani Mwethiopia akachungulia. Niliwaita majina ambayo mamadam wenyewe hawajawahi kuwaita. Nilimgeukia Skola: nilikuambia nini mimi? Zote, au sikusema zote?

"Lakini Mama, nimepona," akasema polepole. "Nikimaliza peke yangu, wataniita mlafi."

Yule wa Kisii akatazama chini. Mwaka mzima nilikuwa nawahubiria habari za bakteria watu waliokuwa wakinisikia vizuri sana. Shida yao haikuwa kichwani. Msichana huyu alikuwa tayari kurudi kwenye dripu kuliko kuonekana kala cha wenzake, na kwa hilo sikuwa na kiduara cha karatasi.

Nikakaa chini. "Wambui," nikasema, "mkubwa wa mkebe ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi toa amri. Hapa leo anatakiwa mlafi mmoja. Mchague mwenyewe."

Wambui alikuwa anapenda amri kuliko chai. Alinitazama muda, nikaona hesabu ikipita usoni mwake. Kisha akapiga meza. "Wote warudishe! Yote! Na wewe wa jino, nimekuona, toa hiyo iko kwa kilemba!" Tembe zikatoka kwenye mafundo ya leso, kwenye pochi, ndani ya soksi. Nilirudisha na zangu mbili. Yule wa Kisii ndiye aliyemletea Skola maji, akasimama karibu naye na kusema, "Meza, mlafi mwenzangu." Nao wote wakapiga makofi kama wako harusini, "Mlafi! Mlafi!" na Skola akameza, anacheka, machozi yanamtoka.

Tukakubaliana kuwa kila asubuhi atanitumia sauti kwenye simu. Na akawa anatuma, kwa kunong'ona: "Mama Lab, mlafi amemeza." Kila siku maneno ni hayo hayo, nami kila siku niliisikiliza kabla sijagusa sahani.

Wewe binti ya dada yangu, ukifika Jeddah, heshimu mashine lakini muulize mdudu wa friji. Usihesabu kiporo. Na Ijumaa shuka Karantina ukaangalie mkebe, maana upo bado, msinidanganye. Wambui aliapa hautawekwa tena dawa za mkojo, na nilipokuwa naaga alikuwa akinieleza kwamba za meno ni habari tofauti kabisa. Kula chapati zake, na mguse kifundo cha kilemba kila anayekucheka, usikie kama kina tembe.

Na kama unataka kujua, sauti ya mwisho ya Skola bado ninayo kwenye simu. Ile siku hakunong'ona. Unasikia kwanza mlango unafungwa kwa kitasa, kisha sauti yake nzima, ile ya kushuka nayo ngazi: "Mama Lab! Mlafi amemaliza!" Juu huko madam anaita, Skola, Skola, yalla. Skola hamjibu. Anajipa muda wake, na halafu unasikia maji ya choo yakivutwa.